Kabati la Ukutani Nyumbani kwa Mkwe

Vijana wakijua kwamba nilikuwa seremala, hawaniulizi habari za afya yangu. Hutoa simu. Hunionyesha picha ya chumba cha watu wa mbali: kabati limeshika ukuta kutoka kona hadi kona, limegusa dari, taa zinawaka ndani kama duka la dhahabu. Kisha huuliza: "Mzee, hili lafaa gharama yake, au tununue tu la kusimama, yale yanayouzwa barabarani?"

Jibu langu huwaudhi. Nami huuliza: ukuta ni wa nani?

Nilifanya useremala Likoni tangu nilipomaliza sekondari na cheti ambacho hakuna ofisi iliyokitaka, mpaka vidole vilipokataa kushika patasi. Sasa nakaa Mishomoroni kwa binti yangu. Nguo zangu zimo katika sanduku la bati chini ya kitanda, wala sioni haya kuwashauri watu juu ya makabati ya bei kubwa.

Nisiwe mwongo, kabati la kutengenezwa mahali pake ni kitu kizuri. Kuta zetu hazikunyooka. Ukileta kabati la dukani ukalisukuma ukutani, nyuma yake pabaki nafasi ya kombamwiko kufungia ndoa na kulea watoto. La kupima hufuata ukuta ulivyopinda. Lameza masanduku ya juu, mablanketi, mashuka ya wageni na sufuria za sherehe ambazo mke hataki zionekane. Kama nyumba ni yako, na wakaao ndani wamekubaliana kwamba watakaa, toa pesa zako bila kinyongo. Lakini mkiwa hamjakubaliana, kabati haliwasuluhishi. Hilo nililijua kwa Bi Zuhura, na nililijua vibaya.

Bi Zuhura alikuwa mjane pale Likoni, mwenye nyumba ya urithi, kuta nene za mawe na dari ya zamani, juu kabisa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Maimuna. Maimuna akaposwa na Athumani, kijana mtaratibu, karani katika bohari ya mizigo kule Changamwe. Kwetu mara nyingi bwana arusi huanza maisha kwa kina mke. Mama mtu hutoa chumba, na vyombo vya chumbani huwa juu ya mume: kitanda, kabati, meza ya kioo. Siku ya kuvileta, wanawake hupiga vigelegele na majirani hutoka kutazama kama vimeng'aa vya kutosha.

Bi Zuhura akaniita nipime. Athumani alikuwapo, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri sindano.

"Fundi," akasema mama, "nataka kabati la ukutani. Kutoka hapa mpaka pale. Juu ligonge dari."

"Mama," akasema Athumani polepole, "mimi nilikuwa nimeona moja zuri la kusimama, la mkangazi…"

"La kusimama ni la mpangaji, mwanangu. Wewe hapa wapanga? Hapa ni kwenu. Fundi, lipigilie, lishike. Hata nyumba ikianguka, kabati libaki."

Nikapima. Wakati Athumani ametoka kuitikia simu, Bi Zuhura akaniinamia akanong'ona, macho yanacheka: "Mtu hawezi kubeba ukuta mgongoni, au vipi, Fundi?"

Hapo nikaelewa. Haikuwa habari ya nguo. Mama alikuwa anamfunga mwanawe kwenye nyumba, na kamba yenyewe ni mimi niisokote.

Nilipotoka, Athumani akanifuata hadi njiani.

"Fundi, nakuomba kwa hisani yako. Kazi yangu iko Changamwe. Kila siku feri, kila siku kusukumana. Iko siku nitahamia ng'ambo na mke wangu. Na kabati nalilipa mimi. Likipigiliwa pale, nami nimepigiliwa."

"Mwambie mama mwenyewe."

"Fundi, wewe una mkwe?"

"Ninaye."

"Na wewe wako wamwambia?"

Nikatazama viatu vyangu.

Seremala mwenye akili angewaita wote wawili, akawaambia wazungumze, yeye arudi siku nyingine. Mimi nilikuwa na ulimi mtamu na nilitaka kazi. Kwa mama nikasema, "Litashika, inshallah." Kwa kijana nikasema, "Litatoka, inshallah." Basi nikarudi karakana kutafuta kabati litakaloshika na kutoka.

Ufundi wenyewe niliupata kwa Mzee Chengo, mtu wa Kaloleni aliyekuwa na karakana Kisauni na akanifundisha kazi. Mzee Chengo aliuchukia msumari kama wengine wanavyochukia deni. Mtu akileta kiti kilichopigiliwa misumari, alikigeuza, akakitazama, akamwambia mwenyewe: "Pole sana. Ni ajali?" Yeye alitumia skrubu, na kwa hewa yetu ya chumvi alitumia za shaba ya manjano, maana za chuma huoza zikashikana na mbao, ukitaka kuzitoa utoe na kichwa chako. Kabla ya kuitia skrubu, aliipitisha kwenye mche wa sabuni ya kufulia. Ikiingia huteleza, na miaka ikipita hutoka bila matusi. Naye alikuwa mtu wa kanisa, matusi alikuwa hayataki karakanani.

Shikeni na hili: kabati la pwani halibandikwi ukutani. Acha nafasi ya kupitisha vidole nyuma yake, utoboe matundu chini na juu, hewa ipite. Fundi akikuambia atalibana mpaka hata karatasi isipite, mlipe nauli arudi kwao. Mvua kubwa zikija, jasho la ukuta litaingia kwenye kanzu yako ya Idi, na utakwenda kuswali unanuka kuvu.

Kabati la Bi Zuhura nililiunda hivyo. Mbavuni mwake nilisimamisha mbao ndefu kutoka sakafu hadi dari. Nikaunganisha kila kitu kwa skrubu zenye sabuni. Vichwa vyake nikavifunika kwa vijiti vya mbao na kuvipiga randa mpaka huoni kitu, na ukingoni nikapitisha utepe wa mbao kufunika nafasi ya nyuma. Ukilitazama, ungeapa limeota mle pamoja na nyumba.

Siku ya pili ya kulisimamisha, sauti ikatoka uani: "Fundi! Mbona sisikii nyundo?"

Nikaganda na bisibisi mkononi.

"Yaja, Bi Zuhura! Nilikuwa natia alama."

Nikaokota kipande cha gogo, nikakaa sakafuni, nikakiweka kati ya miguu, nikaanza kukipiga nyundo. Ta! Ta! Ta! Nilipumzika kidogo, kama mtu anayebadilisha msumari, nikaendelea. Hata nikatia na mguno. Baadaye mama akaniletea chai ya tangawizi na mahamri.

"Leo umefanya kazi," akasema.

"Alhamdulillahi," nikasema, na nikala mahamri ya dhuluma mpaka sahani ikawa nyeupe.

Wanawake walikuja kutazama chumba kabla ya arusi. Walifungua milango, wakafunga, wakavuta droo. Shangazi mmoja wa Athumani alilalamika kwamba hakuna kilichobebwa, vigelegele wapige wapi? Bi Zuhura akamjibu, "Pigieni ukuta." Wakaupigia. Athumani alinitazama kutoka mlangoni, nami nikamtazama, na wote wawili tukajiona wajanja.

Haukupita muda mrefu nikaitwa tena. Nikakuta kingo za milango zimebanduka. Ukanda mwembamba wa plastiki nilioubandika kwa gundi unaning'inia kama ganda la ndizi.

"Kazi gani hii, Fundi?" Bi Zuhura mikono kiunoni.

Nikafungua. Moshi wa udi ukanipiga usoni. Chini ya kanzu na mabuibui, kwenye sakafu ya kabati, palikuwa na chetezo na makaa yake.

"Bi Zuhura, umefukiza nguo ndani ya kabati?"

"Sasa nifukizie wapi? Zamani tuliweka uani kitundu cha miwaa, kama tenga lililopinduliwa, nguo juu, chetezo chini, mtu asimame kulinda. Hapa natia, nafunga mlango, nakwenda sokoni. Nguo zanukia mpaka mtaa wa pili."

"Na kabati je?"

"Nalo lanukia."

Lilinukia kweli. Msiniulize kwa nini hakuna picha ya simu inayokuonya juu ya chetezo. Hao waliopiga picha hawavai nguo zilizofukizwa. Nyinyi mkitengeneza, muulizeni fundi kama kingo zake ni za gundi au za mbao. Na mwenye kupenda udi afukize nguo nje, zikipoa ndipo azitie kabatini. Nikang'oa ukanda ule wote nikatia mbao halisi.

Nilipokuwa nikiinama kufanya hayo, Bi Zuhura alikuwa nyuma yangu. "Fundi, kabati kama hili, likihitaji kutolewa, si lazima livunjwe?"

"Lazima, Bi Zuhura."

"Haya," akasema, akaenda zake. Nilidhani nimemdanganya tena.

Wakakaa. Athumani alivuka feri asubuhi na jioni, mwaka ukapita na mwingine ukaja. Maimuna akazaa, kisha akazaa tena, na kila nikipita pale Bi Zuhura ananionyesha droo mpya ya nguo za mtoto. Nikawa nasahau kwamba kabati lina siri.

Kisha Athumani akapandishwa cheo, zamu zake zikaanza kabla ya alfajiri, na akapata nyumba ya kupanga Changamwe, karibu na bohari. Akaja karakanani.

"Mama amekwenda Kwale arusini, atakaa huko siku kadhaa. Twende ukalitoe."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia tukishahama. Akirudi akakuta limekwenda, atakasirika mara moja tu. Nikimwambia sasa, atakasirika kila siku."

Hapa ndipo ningeweza kuirekebisha ile ahadi yangu ya midomo miwili. Sikuirekebisha. Nilichukua bisibisi, kwa sababu, nawaambia ukweli, nilitaka kuona kama sabuni ya Mzee Chengo ingali inafanya kazi.

Ilikuwa inafanya kazi! Skrubu zilitoka kama zimeitwa kwa jina. Athumani alikuwa anacheka kwa raha. Maimuna hakucheka. Alikuwa anakunja nguo za watoto kitandani, na kila kipande cha kabati kikitoka alikuwa anatazama mlango wa uani.

"Mzee," akaniambia, "mama hatanisamehe. Si kwa kabati. Kwa kuvizia hayupo."

"Atakusamehe, mwanangu. Wewe ni mtoto wake mmoja tu."

"Ndiyo maana," akasema.

Tukapakia vyombo vyote kwenye pikapu, tukavuka feri na kabati limelala vipande vipande, Maimuna na watoto mbele. Tukafika Changamwe. Nyumba iko ghorofani, tukazipandisha mbao kwa jasho. Nikasimamisha ubavu wa kwanza, ukagonga dari nao bado umelala mshazari. Nikausukuma. Ukakataa. Nikautazama, nikatazama dari.

Nyumba za siku hizi dari zake ni fupi. Mimi nililiunda kabati la kutoka, lakini nililipima kwa chumba cha Bi Zuhura. Tena ubavu nilifanya mbao moja, chini hadi juu, kwa kutaka sifa. Mzee Chengo angelikata vipande viwili tangu mwanzo, la chini peke yake na kisanduku cha juu peke yake, likakubali kila nyumba. Vijana, kama mwaweka pesa nyingi katika kabati na hamjui mtakufa katika nyumba ipi, pimeni kwa nyumba ndogo mnayoweza kujikuta ndani yake. Nyumba kubwa haikosi kupokea kabati fupi.

"Fundi," akasema Athumani, "hili limekuwa refu njiani?"

Majirani walikuwa wanaruka mbao zetu penye ngazi. Mmoja, kijana wa bara, akauliza kama tunafungua duka. Na hapo simu ya Maimuna ikalia.

Aliitazama muda. Kisha akasema, "Abee, mama."

Sauti ya Bi Zuhura tuliisikia sote. "Maimuna. Nimerudi, Kwale kuna mbu. Kabati langu limekwenda matembezi wapi?"

Maimuna akafunika uso kwa mtandio. Athumani akanyoosha mkono aichukue simu, mkewe akamzuia. "Twaja, mama," akasema. "Twaja nalo." Alipokata, akatugeukia. "Msumeno wa Fundi uko Likoni, na mama yuko Likoni. Turudi. Sihamii hapa kama mwizi."

Tukashusha mbao ngazini, tukapanda feri tena.

Bi Zuhura tulimkuta amekaa juu ya mkeka katika chumba kitupu, mbele ya ule ukuta. Rangi pale palipokuwa na kabati ilikuwa mpya kabisa, kama ya jana. Wajukuu wakamkimbilia wakamkalia. Athumani akabaki mlangoni. Mimi nikabaki nyuma ya Athumani.

"Njoo mbele, Fundi," akasema mama. "Usijifiche, wewe mnene."

Nikaenda mbele.

"Ulikaa pale," akasema, akionyesha sakafu. "Gogo kati ya miguu. Nilikuwa nimesimama dirishani na sinia la mahamri. Nikajiambia, huyu mtu atalipiga gogo hili mpaka lini? Mkono ukaniuma kwa kushika sinia."

Masikio yangu yakawaka moto. "Ulijua?"

"Tangu siku ile. Na siku ya chetezo nikakuuliza, nikupe nafasi ya kusema kweli. Ukaniapia kwa uso mkavu."

"Basi mbona hukusema, mama?" Athumani akauliza.

"Ningesema ungefanya nini? Ungeondoka mwezi ule ule umechukia, na mwanangu ungekwenda naye. Nikanyamaza. Nikasema, wacha ajione ana mlango wa siri mfukoni, hatakuwa na haraka ya kuutumia. Nawe hukuwa na haraka. Wajukuu wawili nimelea katika chumba hiki."

Kisha sauti yake ikapungua. "Kuondoka sikukatazi. Hiyo feri nakuona unavyorudi umekwisha. Lakini mulingoja nende arusini! Nimekuwa askari wa kutorokwa?"

Maimuna akapiga magoti mkekani akalia kwenye paja la mama yake, watoto wakamtazama kwa mshangao. Athumani naye akaja akakaa chini, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya mbele ya mkwe. "Mama, nisamehe. Nilikuogopa."

"Uniogope, ni vizuri. Lakini uniogope na huku waniambia." Akampangusa Maimuna machozi kwa ncha ya leso yake. Kisha akanigeukia. "Na huko Changamwe kumefanyika nini? Mbona limerudi?"

Athumani akanitazama. Nikasema mimi.

Bi Zuhura akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka jirani akauliza dirishani kuna nini. "Umenificha miaka yote hii," akasema, "kumbe umeficha kabati lisiloingia!"

"Nitalikata, Bi Zuhura. Bure. Na nauli ya pikapu juu yangu."

"Utalikata hapa uani, nikikuona."

Nikaleta msumeno. Nikaziweka mbao uani, nikapiga mstari chini ya kisanduku cha juu, kile cha mablanketi. Bi Zuhura akaja na kiti akakaa karibu, akaukagua mstari, akasema usogee kidogo, nikausogeza, na alikuwa na haki. Nikakata. Athumani alishika mwisho mmoja, Maimuna alishika mwingine, watoto wakachezea vumbi la mbao. Kilichobaki kilikuwa kabati la Changamwe, fupi na zuri, na pembeni kisanduku kile cha juu na milango yake midogo.

Athumani akakichukua akipeleke kwenye pikapu.

"Hicho wacha," akasema Bi Zuhura. "Hicho changu."

"Cha nini, mama?"

"Mwaja hapa kila Ijumaa na watoto. Nguo zao za kubadilisha nitatia wapi, mfukoni?" Akaingia chumbani, akaonyesha ukutani, chini, mahali mtoto anaweza kufikia mwenyewe. "Hapa. Fundi, kilete."

Nikakileta, nikatoa bisibisi.

"La," akasema. "Msumari."

Athumani akakishika, nami nikapigilia. Bi Zuhura alisimama kando, ameegemea mlango, anahesabu mapigo kwa sauti, na kila nilipotaka kusita aliniambia: "Tena."